Habari Zilizofunga Nyama

Nilifika Kikopey, pale penye bucha za nyama choma kando ya barabara kuu, nikiwa na nia ya kula na kuondoka. Nilikuwa nimetoka Gilgil nikielekea Nakuru kutafuta kazi ya kupakia viazi kwenye malori, njaa ikanishusha njiani. Mezani niliketi karibu na mtu aliyekuwa amenunua nyama mbichi ya kupeleka nyumbani. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti, na kwenye lile gazeti kulikuwa na habari ya bwawa lililokuwa likijengwa mahali fulani kaskazini. Nilisoma mpaka pale karatasi ilipokunjwa, kisha nikainamisha shingo nione kilichoandikwa chini ya mkunjo. Mwenye bucha alikuwa akinitazama tangu mwanzo.

"Boss, umekuja kula ama kusoma?"

"Vyote."

"Basi pita huku nyuma. Wa kufunga nyama ametoroka leo asubuhi, na wewe naona karatasi inakupenda."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Nimefanya nyingi. Niliacha shule darasa la saba, si kwa sababu ya karo wala kushindwa na masomo, ila siku moja kombaini la kuvuna ngano lilipita karibu na kwetu Njoro nami nikataka kujua linaenda wapi. Lilikuwa linaenda Narok. Tangu siku hiyo nimechunga kondoo Mau, nimechimba mawe meupe Kariandusi, nimeosha sufuria katika jiko la chuo kikuu. Pale chuoni, nikimaliza sufuria, nilikuwa nikisimama nje ya dirisha la darasa na kumsikiliza mhadhiri akieleza habari za udongo, mpaka siku moja aliponiuliza kama ningependa kiti. Niliona haya, nikahama wiki hiyo hiyo. Watu husema situlii. Mimi naona ni kichwa ndicho hakitulii, miguu hutumwa tu.

Magazeti ya bucha huja yakiwa yameshakatwa vipande vinne, yamefungwa kwa kamba ya katani kama mzigo wa kuni. Mwenye bucha huyanunua kwa kilo, na hakuna anayejua yamekaa wapi kabla ya kufika. Tarehe huandikwa juu ya ukurasa, kwenye kona, kwa hivyo vipande vingi havikuwa nayo. Hilo halikunisumbua. Nyama nilikuwa nimekwisha jifunza kuipima kwa macho: ikiwa nyekundu inayong'aa, ni ya leo, na ikianza kuingia weusi kandokando, ni ya jana. Nikapima magazeti vivyo hivyo. Karatasi ya manjano nilijua ni ya zamani, nikafungia matumbo. Karatasi nyeupe nilijua ni mpya, nikaisoma kwanza ndipo nikafungia mbavu. Wateja walianza kuniita mwalimu, kwa sababu nilikuwa nikiwapa nyama pamoja na habari.

"Mwalimu, hii ya leo inasema nini?"

"Inasema bunge limerudi kutoka likizo."

"Na nyama yangu imerudi?"

Miezi sita ikapita bila mimi kugundua. Halafu dada yangu akanipigia simu.

Dada yangu ni mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Tulipokuwa watoto, mimi nikiwa nimerudishwa kutoka Narok lakini shule nimeikataa, alikuwa akirudi jioni na kunisomea zizini kila alichofundishwa siku hiyo, huku nikikamua. Alimaliza kidato cha nne kwa alama nzuri, akakosa wa kumwendeleza, akaenda Naivasha kwenye mashamba ya maua. Anaishi Karagita katika chumba kimoja cha kupanga. Kazi yake ni kupanga waridi kwa urefu wa shina: ndefu huku, fupi kule, zilizopinda chini. Kazi hiyo hufanywa kwa kusimama. Alikuwa ameifanya miaka kumi na minne.

Sisi wawili tunaitana mtoto wa mama. Sikumbuki lilianza lini.

"Mtoto wa mama," akasema, "kaunti wametangaza ukarani. Nimepeleka karatasi zangu. Wameniita mtihani."

"Heko!"

"Ngoja kwanza. Kuna Kiingereza, kuna hesabu kidogo, hizo nitajaribu. Halafu kuna mambo ya sasa. Nani ni nani, wizara gani inafanya nini, nchi inaenda wapi. Hapo ndipo nimekufa. Mimi naingia kazini jua halijatoka, simu tunaacha kwa kabati la langoni, natoka jua linazama. Nchi inaenda wapi, mimi nitajuaje?"

Tangazo lilisema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Yeye angefikisha thelathini na sita kabla ya mwaka kwisha. Hakukuwa na mara nyingine.

"Ukipata hiyo kazi utafanya nini?" nilimwuliza, nikitarajia aseme nyumba, au ng'ombe.

"Nitaketi," akasema. "Makarani wana viti vya mgongo. Nimeviona. Nataka kiti cha mgongo, hicho tu."

Nikamwambia mambo ya sasa aniachie mimi. Nilisema kwa majivuno ya mtu aliyengoja maisha yake yote kuombwa jambo hili moja.

Kila jioni, watu wakipungua, nilichagua vipande saba vyeupe kuliko vyote, nikavisoma mara mbili, kisha nikajirekodi kwenye simu nikiwa nimesimama nyuma ya bucha karibu na gogo la kukatia. Saba tu, ili visimchoshe. Nilimwambia waziri wa kilimo ni nani, na wa afya, na wa maji. Nilimweleza kazi ya seneta na kazi ya mbunge, maana watu wengi huzichanganya. Nilimtajia kaunti zote arobaini na saba kwa kufuata barabara, jinsi ambavyo mimi mwenyewe ningezipita, si kwa kufuata namba. Yeye alinisikiliza alfajiri, akitembea kutoka Karagita hadi shambani, simu ameitia kifuani, sauti imefunguliwa.

Sikujua kwamba hatembei peke yake. Asubuhi ya nne nilipata jibu, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke mzima, mwenye kikohozi.

"Mwalimu, hujambo. Hapa barabarani tuko watu tisa na tunakusikia sote. Ongea polepole, wengine wetu tuna magoti."

Nyuma yake mwingine akadakia: "Muulize kama ameoa!"

Halafu dada yangu, kwa mbali, akicheka: "Achaneni na yeye. Huyo ukiolewa naye atahama na kitanda."

Kuanzia hapo nikawa nawafundisha wote. Nilipouliza ni kwa nini maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, nikaeleza kwa kirefu mvua, udongo na misitu, kama nilivyosikia kwa lile dirisha la chuo, yule mama wa kikohozi alinijibu: "Hiyo mwalimu usituletee na gazeti. Choo cha shangazi yangu kiko ndani ya ziwa, tunakiona tukipita." Walibishana kuhusu majibu mpaka langoni. Walimwita dada yangu Karani kabla hajawa karani, na alipokosea swali walimwambia leo utasimama. Nilizisikiliza zile sauti mara mbili, mara tatu, na mwenye bucha akawa anauliza kama nimepata mchumba au nimepata redio.

Nilikaa Kikopey bila kufikiria Narok.

Jumapili moja, mtihani ukiwa umebaki wiki tatu, nilikwenda Karagita kumtembelea. Nilimbebea mbavu, nimezifunga kwa karatasi nyeupe kuliko zote za mwezi ule. Alifurahi, akanikalisha kitandani, kisha akatoka kwenda kununua dania ya kutia kwenye mchuzi. Daftari lake lilikuwa pale pale kando ya mto. Nililifungua kama ninavyofungua kila kitu chenye maandishi.

Ukurasa wa kushoto juu aliandika: *Mtoto wa mama*. Chini yake yalikuwa majibu yangu, kwa mwandiko ule ule wa zizini, herufi zimesimama wima. Ukurasa wa kulia juu aliandika: *Redio*. Na chini yake yalikuwa majibu mengine.

Waziri wa kilimo, kushoto jina moja, kulia jina jingine. Waziri wa maji, jina jingine. Wizara niliyomwambia ni moja, kulia ilikuwa imegawanywa mara mbili. Mradi niliosema unajengwa, kulia aliandika: umesimama. Yalikuwepo niliyopata sawa, hayo aliyawekea alama ndogo ya vema, kama mwalimu anayesahihisha. Lakini nilifunua kurasa nyingi nikitafuta alama hizo. Na marekebisho hayakuanza jana. Yalianza wiki ya pili.

Mlango ukagongwa na kufunguka kwa pamoja. Aliingia mama mrefu, shuka mabegani, anatafuta sufuria ya kuazima. Alipokohoa tu nikamjua.

"Ni wewe mwalimu!" akasema. "Kumbe uko na mwili! Sisi ndio wanafunzi wako." Akaona daftari mkononi mwangu, naye uso ukabadilika. "Eh. Ulikuwa hujaambiwa."

"Tangu lini mnajua, mathe?"

Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Yule waziri wako wa kilimo alitoka kitambo. Wote walibadilishwa, ilikuwa kelele nchi nzima. Ulipomtaja asubuhi ile mimi nikasema hapo barabarani, kwani huyu mwalimu anasoma gazeti la lini? Dada yako akanikanyaga mguu. Hapa." Akauonyesha mguu, kana kwamba bado unauma. "Akasema, mwacheni. Mimi jioni nitasikiliza redio kwa jirani nirekebishe. Akijua, atahama, na mimi nimechoka kutafuta ndugu kwa simu imezimwa."

Alichukua sufuria akaenda, akiwa ameinama kama mtu aliyevunja kikombe nyumbani kwa watu.

Nilibaki nikiitazama ile karatasi niliyofungia mbavu. Ilikuwa nyeupe kabisa. Nadhani ilikuwa imekaa miaka kwenye stoo yenye giza, ambako jua halikuifikia kuiambia umri wake. Kwa nyama, ningeweza kutofautisha ya asubuhi na ya mchana, lakini kwa karatasi nilikuwa nimemlisha dada yangu mizoga.

Dada yangu alirudi na dania. Akaniangalia, akaangalia daftari.

"Umesoma."

"Nimesoma."

Akaanza kukatakata dania bila kuharakisha. "Umekasirika?"

"Miezi miwili nakulisha nyama iliyooza, na wewe unameza na kusema asante."

"Haikuwa imeoza. Ilikuwa ya jana. Ya jana haitupwi, unaipika zaidi tu." Akanitupia kitunguu. "Menya hicho."

Tulikula. Mbavu zilikuwa tamu, na hatukuzungumza tena habari hizo. Lakini nilipofika Kikopey nilizima simu, na kabla ya kulala nilikunja nguo zangu, nikazitia kwenye mkoba. Nilikuwa najua ninachofanya. Nimekunja nguo hivyo mara nyingi sana, na kila mara kulikuwa na mtu mahali fulani ambaye nisingeweza kumtazama machoni. Yule mhadhiri. Mama yetu, kabla hajafariki. Njia ya kwenda Narok niliijua vizuri.

Alfajiri nilisimama kando ya barabara na mkoba. Niliwasha simu nione saa. Kulikuwa na sauti mbili zinaningoja.

Ya kwanza haikuwa na maneno mwanzoni. Ilikuwa mlio wa viatu vingi kwenye changarawe, muda mrefu, kisha kikohozi, kisha: "Mwalimu, tumefika darajani hakuna somo. Tunatembea kama ng'ombe. Si vizuri hivi."

Ya pili ilikuwa fupi. "Mtoto wa mama. Bado wiki tatu. Nunua gazeti la leo."

Hakusema tafadhali, wala hakusema usiende. Nadhani angesema mojawapo ya hayo mawili ningekwenda.

Kikopey gazeti hufika mchana, baada ya Naivasha na Gilgil. Nilimngojea muuzaji nimekaa juu ya mkoba wangu. Aliponipa lile gazeti lilikuwa zima, halijakatwa, na tarehe ilikuwa pale kwenye kona kama mtu aliyekuwa akiningojea tangu zamani. Wino uliniingia vidoleni. Mwenye bucha alishangaa hata akaacha kunoa kisu.

"Unanunua gazeti, na hapa ndani tuko nayo mzigo mzima?"

"Hii ni ya kusoma," nikamwambia. "Hiyo yako ni ya kufungia."

Jioni hiyo nilianza somo kwa kuwaomba radhi wote tisa. Niliwaambia nilikuwa nikipima habari kwa rangi. Kulipokucha nilipata sauti ya kicheko kirefu kisichokoma, watu tisa na magoti yao, nikajua nimesamehewa, na pia kwamba sitaachwa nipumue. Kila somo baada ya hapo lilijibiwa na swali moja kwanza: "Hilo ni gazeti la lini?" Nami ilinibidi nitaje tarehe kabla hawajanisikiliza.

Dada yangu alifanya mtihani, akaitwa tena kuhojiwa. Watu watatu nyuma ya meza, yeye mbele yao, na walimpa kiti. Alinieleza kwa simu jioni ile, kwa mnong'ono, kama mtu anayeogopa kuimwaga bahati.

"Walikuwa na migongo?" nilimwuliza.

"Nani?"

"Viti."

"Vyote. Hata changu." Akacheka kidogo. "Wakaniuliza waziri wa kilimo ni nani. Nikasema. Halafu yule mzee wa katikati akauliza, na kabla yake alikuwa nani, na alikuwa ameahidi nini? Nikakumbuka ukurasa wa kushoto. Nikamweleza yote, mpaka ile habari ya mbolea. Akaandika kitu."

Sijui kama kweli aliulizwa hivyo. Namjua dada yangu. Angeweza kuitunga hadithi nzima na yule mzee wake ili mimi nilale vizuri. Sijamwuliza na sitamwuliza.

Majina ya waliopata kazi yalibandikwa Nakuru mwezi wa pili, wakati ambao wazungu wanapeana maua ya mapenzi na Naivasha hakuna mfanyakazi anayepewa ruhusa hata ya kwenda kumzika mtu. Kwa hivyo nilikwenda mimi. Nilitembea kutoka stendi hadi ofisi nikiwa na karatasi yenye namba yake ya kitambulisho, na njiani nilijikuta nasimama kutazama vitu ambavyo sikuvitaka: soli za viatu, kuku, mtu anayenoa visu. Katika maisha yangu sijawahi kusoma orodha ya matokeo. Niliacha shule kabla ya kusomewa yangu.

Orodha ilikuwa kurasa tatu, zimebandikwa ukutani nyuma ya kioo, na watu wamejaa mbele yake. Kila anayemaliza kusoma alitoka kwa njia yake. Mama mmoja kijana aliyekuwa mbele yangu alipitisha kidole kutoka juu hadi chini, akarudi juu, akarudi chini tena. Kisha akanipisha. "Soma boss," akasema taratibu, "labda wewe upo."

Jina letu la ukoo liko mwisho wa alfabeti, kwa hivyo nilianza chini. La kwanza kutoka chini halikuwa letu. La pili halikuwa. La tatu nililisoma mara nne, kisha nikalinganisha namba, tarakimu kwa tarakimu, kidole kimoja kwenye kioo na kingine kwenye karatasi yangu, kama mtoto.

Nilivuka barabara, nikasimama chini ya mti wa jakaranda ili sauti yangu isisikike na wale ambao hawakujiona. Nilifikiria nimwambieje. Mwishowe nilifanya ninalolijua. Nikajirekodi.

"Wanafunzi hamjambo. Somo la leo lina swali moja. Karani mpya wa kaunti, mkaazi wa Karagita, mwenye miaka thelathini na sita sasa, ni nani?"

Nilijua simu ziko kwenye kabati la langoni mpaka saa ya chakula. Nilinunua chai sikuinywa. Nilisoma tangazo la mnada, na la mbwa aliyepotea. Saa saba na dakika chache simu ikalia, nikaiweka sikioni. Kulikuwa na kelele za sahani na vijiko, na watu wakisukumana karibu na simu. Kati yao nilisikia mtu akipumua kwa nguvu, na pumzi hiyo naijua tangu zizini. Ni yule mama wa kikohozi aliyezungumza, akiwa amewatuliza wengine kwanza.

"Mwalimu, kabla hatujapiga kelele hapa tufukuzwe sote. Hilo ni gazeti la lini?"

Niliangalia ng'ambo ya barabara, kwenye kioo, ambapo mlinzi alikuwa bado anafuta gundi iliyomwagika pembeni.

"La leo," nikawaambia.